Herufi Kubwa kati ya Kiingereza na Kiswahili: Mifano kutoka Mwanza na Kandokando ya Ziwa Victoria

Mwanafunzi wa Nyamagana, Sengerema au Ukerewe anapoingia kidato cha kwanza huwa amekwisha kuandika Kiswahili kwa miaka kadhaa. Huko sekondari hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia takribani masomo yote. Herufi anazozikuta ni zilezile alizozizoea, nayo madaftari ni yaleyale; kwa hiyo hudhani kwamba kanuni za kutumia herufi kubwa nazo hazibadiliki. Dhana hiyo huzaa makosa ya namna mbili. Katika insha ya Kiingereza huandika "i" na "english" kwa herufi ndogo, na mwalimu humkata alama. Katika insha ya Kiswahili huanza, baada ya muda, kuipa herufi kubwa kila nomino anayoiona kuwa ya heshima: Mkoa, Wilaya, Kijiji, Mzazi, Elimu. Makosa haya ya pili hayakatwi alama, kwa sababu walimu, makarani na hata wahariri huyafanya pia.

Mhadhara huu unashughulika zaidi na namna hiyo ya pili. Hoja yake ni kwamba kazi ambayo Kiingereza kimeiachia herufi kubwa peke yake, Kiswahili kimeigawa kati ya herufi kubwa na upatanisho wa kisarufi. Anayezihamisha kanuni za lugha moja kwenda nyingine bila kuuona mgawanyo huo huishia kuandika lugha zote mbili vibaya.

Kanuni za Kiingereza kwa ufupi

Kiingereza hudai herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi, katika majina ya watu na ya mahali, siku za juma, miezi, lugha, mataifa na dini. Hudai pia katika vivumishi vinavyotokana na majina hayo, na katika kiwakilishi "I" popote kitokeapo. Vyeo hupewa herufi kubwa vinapotangulia jina la mtu, na kwa kawaida hurudishwa katika herufi ndogo vinaposimama peke yake. Katika anwani za vitabu maneno yote makuu hukuzwa, ila vihusishi vifupi na viunganishi.

Sehemu kubwa ya orodha hiyo inalingana na Kiswahili. Jumatatu na Januari huanza kwa herufi kubwa, na majira ya mwaka hayaanzi: masika na vuli hubaki wadogo katika Kiswahili kama wenzao wanavyobaki wadogo katika Kiingereza. Kuhusu "I", inafaa mwanafunzi aambiwe kwamba si majivuno ya Mwingereza. Neno hilo lilipofupishwa katika Kiingereza cha zama za kati hadi likabaki herufi moja, "i" ndogo iliyosimama peke yake ilikuwa rahisi kupotea katika maandishi ya mkono, na waandishi wakairefusha ili ionekane. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa nafsi ya kwanza hukaa ndani ya kitenzi kama kiambishi "ni-", na "mimi" ni neno refu la kutosha kujitetea.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi bila herufi kubwa hata moja. Hati ya Kiarabu, ambayo kwayo ziliandikwa barua za wafanyabiashara wa pwani na tenzi za zamani, ukiwemo Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, haina tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Msomaji wa hati hiyo alilitambua jina la mtu kwa muktadha na kwa upatanisho. Herufi kubwa zilikuja pamoja na hati ya Kirumi, katika sarufi ya Krapf ya 1850 na ya Steere ya 1870, na zikatulia katika Kiswahili sanifu baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930. Katika Usukuma na visiwani zilifika kwa njia ya shule za misheni. Kwa hiyo herufi kubwa ni mgeni aliyekuta nyumba tayari ina mpangilio wake.

Kiambishi au mzizi?

Tofauti iliyo wazi kuliko zote kati ya lugha hizi mbili inahusu majina ya watu wa jamii fulani na lugha zao. Kwa Kiingereza mtu, lugha na nchi vyaweza kutajwa kwa neno moja lisilobadilika mwanzoni, na herufi kubwa hukaa juu ya S ya "Sukuma" daima. Kwa Kiswahili neno hilo hilo huvaa viambishi: Msukuma, Wasukuma, Kisukuma, Usukuma. Herufi kubwa ikae wapi, juu ya kiambishi au juu ya mzizi?

Kiswahili sanifu kimechagua mwanzo wa neno, kiwe kiambishi au kisiwe. Baadhi ya wanaisimu, hasa wa Ulaya, wamependelea kuandika kiSwahili na waSukuma, wakitaka mzizi uonekane. Hoja yao ina uzito: mzizi ndio jina, na kiambishi ni nguo tu. Afrika ya Kusini imeikubali hoja hiyo kwa nusu. Katiba yake ya mwaka 1996 inaandika isiZulu, isiXhosa na siSwati, na katika orodha hiyo hiyo ya lugha rasmi inaandika Sesotho, Setswana na Xitsonga. Namna zote mbili zimekaa katika kifungu kimoja, kila jamii ikifuata mazoea yake.

Hata hivyo, anayejaribu kuutumia mtindo wa mzizi katika Kiswahili hukwama upesi. Kinyarwanda kina viambishi viwili. Je, iandikwe kinyaRwanda au kiNyarwanda? Mwingereza, ambamo kiambishi kimegeuka kuwa "mw-" mbele ya irabu, angekuwa mwIngereza, umbo ambalo jicho linalikataa. Ng'ambo ya ziwa, katika Luganda, ugumu umezidi, kwa kuwa nomino huanza kwa irabu ya awali ambayo hudondoka katika mazingira fulani. Huandikwa "Omuganda", lakini baada ya kikanushi huwa "si Muganda": herufi kubwa imeruka kutoka O hadi M, na jina ni lile lile. Kanuni ya Kiswahili, ya kukuza herufi ya kwanza ya neno hata iwe nini, haina uzuri wa kinadharia, ila ina faida ya kutomhitaji karani awe mwanaisimu.

Gharama yake imo katika kiambishi "ki-". Katika Kiswahili "ki-" hutaja lugha, na pia hutaja namna ya kufanya jambo. "Anasema Kisukuma" ni jina la lugha. "Anacheza kisukuma" ni namna ya kucheza, na "samaki aliyepikwa kikerewe" ni namna ya kupika. Kiingereza hakimpi mwandishi nafasi ya kutofautisha, kwani lugha na kivumishi vyote hukuzwa. Kifaransa hukuza jina la mtu na kuiacha lugha katika herufi ndogo. Kiswahili kinaweza kukuza lugha na kuiacha namna katika herufi ndogo, na hiyo ni tofauti yenye maana ambayo mwandishi anayefuata kanuni ya Kiingereza huitupa bila kujua. Magazeti hayana msimamo: "mavazi ya Kiafrika" na "mavazi ya kiafrika" hukutana katika ukurasa mmoja. Inapendekezwa hapa kwamba herufi kubwa itumike pale panapotajwa watu, nchi au lugha yao mahususi, na herufi ndogo pale "ki-" inapoeleza mtindo ambao hata asiye wa jamii hiyo anaweza kuufuata. Kwa kipimo hicho "uswahilini", yaani mitaa ya makazi yaliyosongamana, ni neno la herufi ndogo, kwa kuwa wakazi wake katika jiji la Mwanza si lazima wawe Waswahili.

Jinsi nyanza ilivyokuwa Nyanza

Jina la Wasukuma lenyewe linafundisha jambo. Katika Kisukuma na Kinyamwezi "sukuma" ni upande wa kaskazini, kama "dakama" ilivyo upande wa kusini. Wanyamwezi waliwaita jirani zao Basukuma kwa maana ya watu wa kaskazini. Lilikuwa neno la kuonyesha mwelekeo, na anayeitwa hivyo na mmoja aliweza kuitwa vingine na mwingine aliyesimama mahali pengine. Lilipoingia katika madaftari ya utawala wa kikoloni likiwa na herufi kubwa, mwelekeo ukawa kabila.

Ziwa nalo lilipitia njia hiyo. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, akitoka Tabora, alisimama juu ya kilima katika eneo la Mwanza akayatazama maji yaliyo mbele yake. Waarabu wa Tabora walikuwa wakiliita ziwa hilo Ukerewe, kwa jina la kisiwa walichokijua. Wenyeji wa ufukwe walisema nyanza, neno linalomaanisha ziwa, ziwa lolote. Speke aliandika "Victoria Nyanza". Kwa kuongeza jina la malkia wake alifanya jambo linaloonekana na kila mtu. Kwa kukuza N alifanya jambo lisiloonekana. Neno la kawaida liligeuka kuwa jina la pekee, na baadaye likawa jina la mkoa upande wa Kenya na la vyama na maduka upande wa Mwanza. Kusini, jina la Ziwa Nyasa lina historia inayofanana, kwani "nyasa" katika lugha za huko pia ni ziwa, na anayesema Ziwa Nyasa husema ziwa mara mbili. Wakati huo huo jamii nyingine za ufukwe zilikuwa na majina ya pekee ya maji hayo, kama vile Nnalubaale kwa Waganda na Nam Lolwe kwa Waluo. Hayo hayakukuzwa katika ramani.

Katika maandishi ya leo swali limebaki kwa sura nyingine: ni "ziwa Victoria" au "Ziwa Victoria"? Muundo wa Kiswahili unatoa mwongozo ambao Kiingereza hakina. Pale nomino ya kijiografia inapounganishwa na jina moja kwa moja, bila "-a" unganifu, viwili hivyo hufanya jina moja: Ziwa Victoria, Mto Kagera, Mlima Kilimanjaro. Pale "-a" inapoingia kati, mara nyingi nomino ya kwanza ni maelezo tu: kisiwa cha Ukerewe, mji wa Magu, ghuba ya Mwanza. Mwongozo huu haukamiliki wenyewe, kwa sababu majina ya taasisi huwa na "-a" na bado hukuzwa, kama Benki Kuu ya Tanzania. Mkoa wa Mwanza ndio mfano mgumu. "Mkoa wa Mwanza umeandaa bajeti" hutaja chombo cha utawala chenye ofisi na muhuri. "Katika mkoa wa Mwanza kuna vilima vya mawe makubwa" hutaja eneo la ardhi. Mwandishi makini atakuza la kwanza na kuliacha la pili, hata kama yamo katika aya moja.

Upatanisho unapofanya kazi ya herufi

Kiingereza hutegemea herufi kubwa kutenganisha "turkey", ndege wa kufugwa, na "Turkey", nchi. Kiswahili kina jozi za namna hiyo, lakini mara nyingi sentensi yenyewe huamua. Mhindi ni mtu na mhindi ni mmea wa mahindi. "Mhindi amekauka" na "mhindi umekauka" hazichanganyikani hata zikisomwa kwa sauti, ambapo herufi kubwa haisikiki. Majina ya watu yatokanayo na nomino za kawaida hufuata njia hiyo: Neema amefika, neema imefika, Baraka amezaliwa, baraka zimezidi. Upatanisho wa mtu humtambulisha mtu.

Pana mahali ambapo herufi kubwa hushindwa kabisa na upatanisho ukabeba mzigo wote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Herufi kubwa ya jina la kivuko na ya jina la mtu haitofautiani. Sentensi "Nyerere ilipinduka" ilieleweka mara moja kwa sababu ya "i-" tu. Kiingereza katika hali hiyo hukimbilia herufi za mlazo. Vivyo hivyo MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ilipokaribia Mwanza. Ila hapa upatanisho nao hautoshi, kwani mji wa Bukoba pia huchukua "i-", na mwandishi hana budi kuliweka neno "meli" au kifupisho MV mbele ya jina.

Upatanisho hauna msaada pia pale ambapo nomino ya kawaida na jina la pekee vyote ni vya mtu. "Mwalimu alizaliwa Butiama" na "mwalimu alizaliwa Butiama" zina upatanisho mmoja. Kwa Mtanzania yeyote ya kwanza ni Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, na ya pili ni mwalimu yeyote wa shule. Hapa herufi kubwa inafanya kazi ambayo hakuna kingine kinachoweza kuifanya, na inaifanya katikati ya sentensi tu. Mwanzoni, ambapo kila neno hukuzwa, msomaji huachwa akisie. Ndiyo sababu herufi kubwa inayotapanywa ovyo ina hasara. Katika barua ya ofisi ambamo Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Darasa, Mzazi, Mwanafunzi na Kamati vyote vimekuzwa, herufi hiyo imekwisha thamani, na pale panapohitajika kumtofautisha Mwalimu mmoja na walimu wote haibaki alama ya kufanyia hivyo. Kijerumani, ambacho hukuza kila nomino, angalau kinafuata kanuni. Barua za namna hii hufuata heshima, na heshima haina mpaka.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe anatoa mfano wa kinyume, wa herufi inayofanya kazi kubwa kwa kiasi. Alimaliza kuandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Majina ya watoto hao wawili, kwa asili yake, ni sentensi kamili za Kikerewe. La mvulana linasema kwamba mzazi anaishi nacho siku zote, yaani kifo; la msichana linauliza msiba utakwisha lini. Yakiandikwa kwa herufi ndogo katikati ya aya ya Kikerewe, msomaji angeyasoma kama maneno ya mtu anayelalamika. Herufi moja ndiyo inayoyageuza malalamiko kuwa watoto. Katika anwani hiyo hiyo Bwana na Bibi vimekuzwa kwa kuwa vimeshikamana na majina. Ndani ya maandishi ya Kiswahili, "bibi yake" hubaki katika herufi ndogo. Gabriel Ruhumbika, naye Mkerewe, alipoitafsiri kazi hiyo kwa Kiingereza mwaka 2002 alilazimika kuamua Bibi ni cheo au ni uhusiano, akaandika "His Wife".

Kutoka UKIMWI hadi ukimwi

Vifupisho vina safari yao. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitaalamu, watu wa huko waliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizoingia kutoka Uganda: jina la pekee, lenye herufi kubwa, kana kwamba ni mgeni aliyevuka mpaka. Kisha likaja jina la hospitali na mabango, UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, kwa herufi kubwa zote sita. Leo waandishi wengi huandika ukimwi, na neno hilo huchukua upatanisho wa "u-" kama upele na ugonjwa.

Iliwezekana kwa sababu kifupisho hicho kilitengenezwa kwa silabi za Kiswahili, kila konsonanti ikiwa na irabu yake, na hivyo kiliweza kukaa miongoni mwa maneno ya kawaida. VVU, kinachosomwa herufi kwa herufi, hakikuweza na hakitaweza kushuka. Magazeti yameanza kuandika Takukuru na Tamisemi kwa herufi moja kubwa ya mwanzo, na sababu ni ile ile ya silabi; herufi hiyo moja hubaki kwa kuwa vyombo hivyo ni vya pekee, na ugonjwa si wa pekee.

Ng' katika fomu

Limebaki suala la sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja. Kiholanzi huikuza "ij" yote, hata mji wa pwani ukaandikwa IJmuiden. Kiswahili hukuza herufi ya kwanza peke yake: Shinyanga, Chato, Nyegezi. Kwa "ng'" kanuni ni hiyo hiyo, na katika Usukuma inahusu majina mengi, kuanzia Ng'wanza, kama Wasukuma wanavyoliita jiji lao, hadi majina ya watu kama Ng'wandu na Ng'wanamalundi.

Tatizo huja katika fomu zinazodai herufi kubwa tupu. Agizo hilo lina nia njema, kwa kuwa herufi kubwa za mkono husomeka vizuri zaidi. Lakini visanduku vimepangwa kwa hesabu ya herufi, na mwandishi hajui kama ritifaa inastahili kisanduku chake. Wengine huiacha. NG'WANDU hugeuka NGWANDU, sauti ya "ng'ombe" ikawa sauti ya "ngoma", na karani anayeinakili fomu hiyo baadaye kwa herufi za kawaida huandika Ngwandu bila kusita, kwa sababu hakuna kilichomwonyesha kwamba palikuwa na kitu. Mwanafunzi huyo huyo huandika jina lake kwa ritifaa katika daftari la Kiswahili, huliona bila ritifaa katika orodha ya mtihani, na siku ya kuomba nafasi ya chuo huulizwa alete kiapo cha kuthibitisha kwamba watu hao wawili ni mmoja.